Breki za Mwalimu wa Hesabu

Katika mtaa wetu wote hakuna baiskeli iliyowahi kunishinda. Ukiondoa nne. Tano, tukiitia na ile ya mwalimu wa hesabu.

Kibanda changu cha ufundi kiko kati ya kinyozi na mashine ya kusaga. Kina benchi moja, karai la maji la kutafutia pancha, na msumari mrefu ninaotundikia tairi kuukuu. Kila asubuhi kabla ya shule, mjukuu wangu wa darasa la sita hupitia hapo. Hujaza karai, hupanga spana kwa namba, na huniambia habari za mtaa mzima. Tunamwita Pampu, kwa sababu hakuna jambo dogo asiloweza kulitia upepo likawa kubwa.

Jumatano moja nilikwenda zahanati kupimwa macho. Niliporudi nilikuta baiskeli nyeusi imeegemea benchi langu, inang'aa kama viatu vya bwana harusi. Pampu alikuwa amesimama kando yake, mikono kiunoni.

"Ya mwalimu wetu wa hesabu," akasema. "Breki ya mbele haikamati. Nimemwambia umesema utaiweza, aje Ijumaa jioni."

"Nimesema lini?"

"Ungesema tu, Bibi. Kwani kuna inayokushinda?"

Kichwa kilinivimba kidogo, nisikufiche. Nikavaa miwani, nikainama. Breki ninazozijua mimi zina waya, mpira na nati; ukikaza inakamata, ukilegeza inaachia. Hii haikuwa na waya. Ilikuwa na mrija mwembamba, na ndani ya mrija mafuta. Breki za namna hiyo nilikuwa nimeziona zikipita barabarani tu, tena mbio.

"Hii siijui," nikamwambia. "Jumamosi muuza maziwa anakwenda mjini na gari lake. Tutaipeleka kwenye lile duka kubwa la baiskeli. Vijana wa pale wana vifaa vyake."

Uso ukamshuka. "Bibi, nimeshaliambia darasa zima."

"Basi darasa zima litajua kwamba bibi yako ana akili. Usiiguse."

Alhamisi jioni nilikuwa nanyoosha rimu ya baiskeli ya muuza maziwa. Kazi hiyo unazungusha gurudumu, unatazama linapoyumba, unakaza spoku moja kidogo na kulegeza ya upande wa pili. Mimi hufumba jicho moja, na katika dunia yote hubaki gurudumu peke yake. Ndiyo maana sikumwona Pampu akichukua spana namba nane.

Ijumaa nilitoka kidogo kumpelekea muuza maziwa gurudumu lake. Niliporudi, mwalimu alikuwa ameshafika. Alikuwa amekalia baiskeli yake, mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedali, ameielekeza barabarani. Nanyi mjue kwamba kutoka kibandani kwangu barabara huteremka moja kwa moja hadi darajani, na jioni daraja hilo hujaa watu.

"Asante sana, Bibi," akasema mwalimu. "Mjukuu wako ameniambia iko tayari."

Kabla sijafungua mdomo, Pampu aliutazama mteremko, kisha akakikamata kiti cha baiskeli kwa nguvu zote.

"Mwalimu, usiende. Haiko tayari." Hakukiachia kiti. "Jana nilifungua nati, mafuta yakamwagika, nikayafuta kwa sketi. Bibi alisema hii haijui. Ni mimi niliyesema anaijua."

Mwalimu akabonyeza breki. Ikalala kwenye mpini kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Alishuka taratibu, akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa.

Nami ilinibidi niseme, mbele ya kinyozi na wateja wake watatu waliokwisha kutoa shingo nje. "Mwalimu, breki hii siijui. Ningekueleza tangu Jumatano kama ningekuwepo." Maneno hayo yalikuwa mazito kuliko gunia la unga. Lakini nilipoyatoa, kibanda hakikuanguka.

Jumamosi tukaenda mjini, mimi, Pampu na baiskeli. Kijana mkubwa wa lile duka alikuwa na glavu za buluu na kabati zima la vifaa nisivyovijua hata kwa majina. Aliitazama breki, akatikisa kichwa, akasema itakuwa tayari Jumanne. Kisha akanitazama mimi.

"Shikamoo, Bibi. Si wewe unayenyoosha magurudumu ya muuza maziwa?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

Akaingia ndani, akatoka na magurudumu mawili yaliyopinda kama masikio ya ng'ombe. "Sisi hapa tunajua kuweka mapya tu. Haya wenyewe wanayataka hayahaya, na sisi hatuyawezi. Utatusaidia?"

Alisema "hatuyawezi" mbele ya wateja wake wote, wala hakuona aibu. Nilimwona Pampu akimtazama kijana yule, halafu akanitazama mimi. Sikutabasamu. Nilitabasamu baadaye, garini, nilipogeukia dirishani.

Jumatatu Pampu aliliambia darasa ukweli wote, bila kutumwa na mtu. Nasikia habari ya magurudumu aliitia upepo kidogo, yakawa ishirini. Hapo nilimsamehe.

Jumanne kijana aliileta baiskeli mwenyewe, akachukua magurudumu yake yanazunguka bila kuyumba hata unywele. Mwalimu akafika. Breki ilikamata barabara. Nikamwita Pampu asogee.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Sifa ya fundi ni kujua kazi yake inapoishia. Mimi nina magurudumu, huyu ana mafuta, na mtu anafika nyumbani salama kwa sababu kila mmoja amesema kweli. Wewe ulinipa sifa isiyo yangu, na nusura imwangushe mwalimu wako."

"Nisamehe, Bibi. Nisamehe, Mwalimu."

"Umesikia maneno hayo?" akasema mwalimu, ameinua kidole kama yuko ubaoni. "Mimi kitu nisichokijua sikigusi kabisa. Baiskeli ilipoharibika, niliileta hapa vilevile ilivyo."

Kijana wa mjini akakohoa. "Hilo ndilo nililotaka kuuliza. Mipira ya ndani tuliikuta imevimba, ndiyo maana breki iligoma tangu mwanzo. Kuna mtu alitia mafuta ya kupikia. Tena yaliyokwisha kukaangiwa, maana yana vitunguu."

Sote tukamtazama Pampu, hata mwalimu.

"Mimi nilimwaga tu," akasema. "Sikutia kitu."

Nikamgeukia mwalimu. Alikuwa ameinamia kengele ya baiskeli, anaichunguza kwa makini sana, nayo ilikuwa nzima kabisa.

"Mwalimu," nikamwita kwa upole.

"Vijiko viwili tu, Bibi," akasema.