Mzigo wa Mama Mbonea

Mkono wa kwanza wa kifungashi, mashine ya kufunga mizigo uwanja wa ndege, uliitoa pasi ya umeme kwenye begi la abiria aliyekuwa mbele, wa pili ukaweka sweta mahali pake, wa tatu ukapima uzito.

"Pasi imetolewa kwa sababu simba hawakagui mikunjo," mashine ilisema kwa upole. "Sweta limewekwa kwa sababu alfajiri ya hifadhini ina baridi kali."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mhandisi Eliamani Msuya hakucheka, ingawa utani ule aliutunga mwenyewe.

Kifungashi kilikuwa kazi ya maisha yake. Mwaka ule wa 2091, hakuna begi lililotoka Arusha kwenda hifadhini bila kupita kwenye mikono ile mitatu. Ndege ndogo za umeme zilibeba kilo kumi na tano tu za mizigo kwa kila mtu. Kwa hiyo mashine ilisoma hali ya hewa, afya ya msafiri na njia atakayopita, kisha ikaamua: kofia ya ukingo mpana, darubini, dawa ya mbu, nguo za rangi ya nyasi. Eliamani aliiwekea sheria moja aliyojivunia kuliko zote: isitoe kitu cha mtu bila kumweleza sababu ya kweli.

"Mashine inayokunyang'anya kimyakimya ni mwizi," alizoea kuwaambia wanafunzi wake.

Sasa aliyefikiwa na zamu ni mkewe, Nakundwa. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa ukimla kwa miaka minne, na daktari alisema huenda tembo, aliowapenda tangu usichana, wangemtuliza. Jambo moja tu lilimtia Eliamani hofu. Nakundwa alikuwa amesahau kwamba mtoto wao wa pekee, Mbonea, askari wa wanyamapori, alikufa maji huko huko hifadhini miaka sita iliyopita. Kila asubuhi aliuliza habari zake, na kila asubuhi Eliamani alijibu, "Yuko porini, Mama Mbonea." Hakutaka mkewe amzike mwanawe mara ya pili.

Nyumbani alikuwa ameondoa begini kila kitu cha kijana. Lakini mkono wa kifungashi ulipoinuka, ulikuwa umeshika jozi tatu za soksi kubwa za sufu. Nakundwa alikuwa amezirudisha.

"Hizo ni za mwanangu," Nakundwa aliiambia mashine. "Ana miguu kama mitumbwi. Dukani hapati za kumtosha."

"Ziache," Eliamani akawahi kusema. "Ni nyepesi."

"Shikamoo, mhandisi," mashine ikajibu. "Mzigo wa mtu mwingine lazima uwe na mpokeaji. Soksi zimetolewa kwa sababu Mbonea Eliamani Msuya alifariki tarehe tisa Aprili, 2085. Pole sana, mama."

Nakundwa hakupiga kelele. Alikaa sakafuni taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Ulijua, Baba Mbonea?"

"Nilijua."

"Mkamzika bila mimi?"

"Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyetupa udongo wa kwanza."

"Mwongo," alisema. "Mama hawezi kusahau hilo."

Alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akaomba kaniki ya kuombolezea. Hangeenda mahali alipofia mwanawe akiwa amevaa kama mtalii. Eliamani akakimbilia duka la jirani, akarudi nayo, akaiweka begini. Mkono ukaitoa.

"Kaniki imetolewa kwa sababu nguo nyeusi huvutia mbung'o."

Eliamani akaizima mashine. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini akafunga begi kwa mikono yake, vibaya, kaniki ikiwa juu ya kila kitu.

Saa moja baadaye, katika chumba cha kusubiri, Nakundwa alikuwa ametulia, akitazama ndege zikitua. Alifungua begi kutafuta leso, akagusa kile kitambaa kipya. Akamgeukia mumewe kwa uso wa huruma, kama mtu anayeulizia msiba wa jirani.

"Nani amefiwa, Baba Mbonea?"

Jibu la kila asubuhi lilikuwa tayari mdomoni mwake. Eliamani akaikunjua kaniki, akamfunika mabega, akamshika mikono yote miwili.

"Ni sisi, Mama Mbonea."