Kisanduku Nyuma ya Masinia

Nyumbani kwa Bi Siti, Kilwa Masoko, hakuna kitu kilichoachwa wazi. Redio ilikuwa na kitambaa chake. Jagi la maji lilikuwa na kitambaa chake. Hata kiti cha plastiki kilivishwa kitambaa siku akija mgeni. Vitambaa vyote alivifuma mwenyewe, na usafi wake haukuwa wa mchezo. Majirani walisema inzi wa mtaa ule walipita nyumba yake bila kutua.

Bi Siti aliishi na mwanawe Khamisi, mkwewe Warda na mjukuu wake Nasma. Khamisi alikuwa mwashi, na siku za mkasa huu alikuwa kazini Somanga. Nasma alikuwa na miaka saba. Alipokuwa na miaka miwili aliugua homa ya uti wa mgongo. Mungu alimponya, lakini masikio yake hayakusikia tena. Kwa miaka mingi mama na mtoto waliongea kwa kuvutana nguo na kuonyeshana kwa vidole. Nasma akilia, Warda alibahatisha. Ni njaa? Ni tumbo? Mara nyingi alikosea.

Kisha akapatikana Mwalimu Getrude. Yeye alikuwa Lindi mjini, akifundisha watoto viziwi lugha ya alama kupitia kompyuta. Kila Jumatatu na Alhamisi, saa nne asubuhi, uso wake ulitokea kwenye kioo, na Nasma na mama yake wakajifunza pamoja. Khamisi alinunua kompyuta ya mtumba, ile ya kukunja, maana kwenye simu vidole vya mwalimu vilionekana vidogo mno. Akanunua pia kisanduku cha intaneti, kile ambacho watu hukiita ruta. Kisanduku hicho hupokea intaneti na kuigawa ndani ya nyumba bila waya.

Ndani ya miezi mitatu Nasma aliweza kusema kwa mikono yake: maji, samaki, mama, nataka, sitaki. Siku aliyosema "sitaki uji", Warda alilia kwa furaha, na uji akaunywa mwenyewe.

Basi Alhamisi moja kompyuta ikagoma kushika intaneti. Jumatatu ikagoma tena. Mara zote mbili Nasma alikaa mbele ya kioo akiwa amevaa gauni lake la masomo, akingoja. Warda alibonyeza kila kitufe alichokiona. Akanunua bando jingine. Hakuna kilichobadilika. Aliona aibu, hakumwambia mtu.

Alhamisi iliyofuata, mapema asubuhi, mwalimu alituma ujumbe wa upole kwenye simu ya Warda. Watoto wanaosubiri nafasi ni wengi. Anayekosa vipindi vitatu mfululizo humpisha mwingine hadi muhula ujao. Warda alisoma ujumbe huo mara tatu. Kipindi cha tatu kilikuwa leo, saa nne, na sasa ilikuwa saa mbili na nusu. Alichomoa pini kwenye mtandio wake, akafungua kabati la vyombo ambamo kisanduku kilikaa. Alikuwa amesikia kuna watu huchoma tundu la nyuma ya ruta, ikapona.

Bi Siti alimwona. Hakujua tundu wala ruta, lakini alimjua mtu aliyechanganyikiwa.

"Mwanangu, mficha uchi hazai," alisema. "Mwite Tekla kabla hajaenda kazini."

Tekla alikuwa mpangaji wa nyumba ya pili, mzaliwa wa Njinjo. Alikuwa fundi wa mabomba ya maji. Kazini kwao mita zilisomwa kwa kompyuta, na kompyuta ikizira, aliyeitwa ni yeye. Bi Siti alimpenda sana, ingawa aliviona viatu vyake vya matope kuwa mtihani kutoka kwa Mungu.

"Shikamoo, bibi," alisema Tekla alipoitwa na kufika.

"Marahaba. Viatu mlangoni, mwanangu."

Warda alieleza kila kitu, hata vile vitufe alivyobonyeza ovyo. Tekla alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Nasma, weka pini chini," alisema. "Lile tundu hufuta kila kitu kilichopangwa ndani ya ruta, hata jina na neno la siri. Ni dawa ya mwisho, na hatujafika huko."

"Tuanze wapi, dada?"

"Tuanze kama kwenye maji. Bomba lako likikauka, sichimbui barabara nzima. Nauliza kwanza, kwa jirani yanatoka? Yakitoka, ubovu uko kwako. Yasipotoka, ubovu uko mbele."

Akatoa simu yake, akaomba neno la siri la ruta, akasimama karibu na kabati. Simu ikashika intaneti papo hapo. Kwa hiyo ruta ilikuwa nzima na bando lilikuwapo. Tekla alicheka, akamwambia Warda kwamba lile bando la pili lilikuwa maji aliyomwaga kwenye pipa lililojaa.

Kisha akafungua kompyuta chumbani kwa Nasma. Kwenye pembe ya chini ya kioo palikuwa na kialama cha ndege. Alieleza kwamba alama hiyo ni kwa ajili ya wasafiri wa ndege. Ikiwaka, kompyuta hufunga mawasiliano yote yasiyo ya waya. Warda akakumbuka safu ya juu ya vitufe, jinsi alivyoichapa Alhamisi ile kwa hasira. Alikiri. Wakatafuta kitufe chenye picha ya ndege, Warda akakibonyeza, na kialama kikaondoka. Majina ya mitandao ya jirani yakajipanga, na la kwao lilikuwa la mwisho, na mstari mmoja tu wa nguvu. Walijaribu. Ikashika, ikakatika.

"Sasa tuone kisanduku kinakaaje," alisema Tekla.

Walirudi kwenye kabati. Mbele yalisimama masinia saba. Nyuma yake sufuria, na nyuma ya sufuria kisanduku, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Tekla alikigusa. Kilikuwa cha moto.

Bi Siti akakohoa. Alisema alikiweka pale siku ya hitima ya marehemu mumewe, Jumatano, kwa kuwa wageni walikuwa wengi na aliogopa kisichezewe. Na kesho yake, Alhamisi, ndipo kompyuta ilipogoma.

"Bibi, umekitunza kupita kiasi," alisema Tekla. "Masinia na sufuria huzuia intaneti isipite. Kitambaa hukinyima hewa. Kinataka kukaa juu, wazi, katikati ya nyumba."

Palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo. Ni rafu ya sebuleni, penye maua ya plastiki ambayo Bi Siti alizawadiwa siku ya arusi ya Khamisi. Aliyatazama kidogo. Kisha akayashusha.

Tekla hakugusa kitu tena. Alitaka Warda afanye kwa mkono wake, kwa sababu siku nyingine Tekla angekuwa shimoni na spana yake. Warda akazima ruta, akaihamishia kwenye rafu, akahesabu taratibu hadi thelathini, akaiwasha, akangoja taa zitulie. Akazima kompyuta na kuiwasha upya. Mistari minne. Ikashika, na haikukatika. Tekla akamtaka arudie hatua zote kwa mdomo, na Warda akaziandika nyuma ya kalenda: jaribu kwa simu, angalia alama ya ndege, angalia ruta imekaa wapi, izime na kuiwasha, na ikishindikana wapigie waliokuuzia.

Saa nne kamili uso wa Mwalimu Getrude ulitokea. Nasma hakutabasamu. Alisimama nyuma ya mama yake, akachungulia. Kisha akanyanyua mikono yake taratibu, na Warda akaelewa kila alama.

Mwalimu amekasirika? Mimi mbaya?

Siku zote zile mtoto alikaa na swali hilo peke yake, kwa kuwa hakuna mtu nyumbani aliyejua alama ya kitu kilichoharibika. Mwalimu alitikisa kichwa. Akawafundisha alama mbili mpya, haribika na tengeneza, akawaambia wazitumie. Warda akasema kwa mikono yake, polepole: kompyuta iliharibika. Tekla ametengeneza. Mwalimu anakupenda.

Nasma aliangalia kompyuta. Akamwangalia Tekla, aliyekuwa mlangoni akivaa viatu. Akamwendea, akamwambia asante kwa mikono yake.

Warda naye alimshukuru Mungu, akamshukuru Tekla, akamshukuru mwalimu kwa ule ujumbe uliomtoa aibu. Tekla alijaribu kuirudisha ile asante ya Nasma, akakosea. Nasma akaishika ile mikono migumu ya fundi bomba, akaipanga mpaka ikasema sawasawa.

Bi Siti alikuwa ameyaona yote hayo. Alijongeza kiti chake mbele ya kompyuta, akamnyooshea mjukuu wake mikono miwili, akangoja zamu yake. Tangu siku hiyo, katika nyumba ile Mwalimu Getrude ana wanafunzi watatu.