Mbu wa Ijumbi na Ukurasa wa Kwanza

Msimu wa senene, wale panzi watamu wa kukaanga, ukifika, soko la Bukoba halina adabu. Jumamosi moja ya Novemba, Nuriat alisimama kwenye foleni nusu saa nzima, gauni lake la rangi ya chungwa limemganda mgongoni kwa jasho, ushungi umeteleza hadi kisogoni. Mbele yake akabaki mtu mmoja tu, kijana mrefu mwenye mabuti yaliyojaa udongo mwekundu. Huyo akanyoosha mkono na kuchukua kopo la mwisho la senene.

"Kaka, hilo ni langu."

"Kwani limeandikwa jina?"

"Nimesimama hapa mpaka miguu imekufa ganzi!"

"Na mimi nimetoka Muleba alfajiri, dada yangu. Tumbo langu nalo lina haki."

"Waitu, jamani, mkagombane mbali na beseni langu," alisema Kokugonza, muuzaji.

Ndipo Nuriat alipoona kitambulisho kifuani mwa yule kijana. Kilikuwa cha Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza, mwajiri wake mwenyewe. Akasoma jina, damu ikamchemka.

"Wewe ndiye Muksini? Mtaalamu wa mbu wa kituo cha Muleba?"

"Ndiye. Kuna nini?"

"Mimi ni Nuriat, afisa mawasiliano. Nimekuandikia barua pepe kumi na moja kuomba takwimu zako!"

"Kumi na mbili," alisema Muksini, akitabasamu bila aibu. "Nimezisoma zote. Ukikasirika unaandika vizuri sana."

Kopo akaondoka nalo. Lakini kabla hajaondoka alichukua namba yake ya simu, akaapa kwamba atamlipa senene wa kukamata kwa mikono yake. Nuriat alirudi nyumbani akiwa amenuna, na hakuelewa kwa nini usiku ule alikuwa akiangalia simu kila dakika.

Simu zikaanza. "Habari za mjini, malkia wa barua pepe?"

"Usiniite malkia. Nitumie takwimu za Novemba."

"Zinakuja, mpenzi. Kwanza nimekutumia kopo kwa basi."

"Mpenzi nani?"

"Basi nirudishie kopo."

Makopo yalikuja kila wiki. Mama yake Nuriat, Bi Zabibu, aliwakaanga senene hao kwa kitunguu huku akicheka hadi machozi. "Tangu lini mwanaume akamkamatia mwanamke senene? Sisi ndio tuliokuwa tukikamata tukiwapelekea waume zetu, nao wakatununulia nguo. Sasa wewe utamnunulia kanzu?"

Takwimu nazo zilifika mwishowe, na zilikuwa nzuri kupita kiasi. Mbu wa Ijumbi, kijiji cha Muleba, walikuwa wamepungua kwa asilimia themanini. Nuriat alikuwa akiandaa kitabu cha mafanikio ya mwaka, chenye habari za maabara mpya na wauguzi waliopata mafunzo, lakini mkurugenzi, Dokta Kamala, aliposikia themanini hakutaka tena kusikia kingine. Ijumbi ikawekwa ukurasa wa kwanza. Vitabu mia tano vikachapwa. Sherehe ya kuvizindua ikapangwa Ijumaa ya mwisho ya Januari, na Jumapili yake, kwa kuwa Nuriat alikuwa ameshakubali kuitwa mpenzi, wazee wa Muksini walikuwa waje kwa Bi Zabibu kuposa.

Siku tatu kabla ya sherehe, Dokta Kamala alimwita Nuriat ofisini akamsukumia karatasi mezani. "Hii ni nini?"

Ilikuwa barua ya Muksini kwa mkurugenzi, ya wiki mbili nyuma, akiomba takwimu za Ijumbi zifutwe kwa kuwa si sahihi.

"Sikujua," alisema Nuriat.

"Hukujua? Nilidhani mnaongea mchana kutwa." Dokta Kamala akavua miwani. "Vitabu vimeshachapwa. Utavisoma kama vilivyo."

Nuriat alitoka pale hajui pa kuweka uso. Akapiga simu, haipatikani. Akapiga tena. Mara ya saba akachukua mkoba, akapanda basi, akaipita Kemondo bila kuangalia ziwa, akashuka Muleba na kupanda bodaboda hadi Ijumbi. Viatu vyake vyeupe viliingia kwenye tope mara tu aliposhuka.

Muksini alikuwa kibarazani kwa Anatolia, mama mwenye shamba linalotegwa mitego ya mbu, akihesabu mbu kwa kibano na kioo cha kukuzia.

"Nuriat! Umekujaje?"

"Kwa hasira. Eleza."

Muksini akaweka kibano chini. "Mitego yetu huvuta mbu kwa taa ndogo tu. Novemba kijiji kizima kiliwasha mataa makubwa ya kuvuta senene. Mbu nao wakaenda huko. Mitego ikabaki mitupu, mimi nikaandika kwamba wamepungua."

"Mtaalamu mzima! Ulikuwa wapi usione mataa hayo?"

"Chini yake," alisema Muksini kwa sauti ndogo. "Nakukamatia wewe."

Nuriat aliyahesabu makopo yale kichwani. "Kwa hiyo mafanikio ya taasisi tumeyala mimi na mama, kwa kitunguu."

"Senene walipokwisha nikahesabu tena. Mbu ni walewale. Na takwimu ile ikisomwa mbele ya mgeni rasmi kutoka wizarani, Ijumbi itatolewa kwenye orodha ya nyumba za kupuliziwa dawa."

Anatolia alikuwa amesimama mlangoni na mjukuu wake mgongoni. Walikuwa wametoka zahanati na mtoto alikuwa bado wa moto. "Mawe, mama yangu! Watutoe kwenye dawa?" aliuliza.

"Na mimi ulinificha wiki mbili," Nuriat akamwambia Muksini.

"Kosa ni langu. Sikutaka lawama ikuguse. Nilitaka kukulinda."

"Nani kakuomba? Nimeitwa nikaonekana mjinga kwenye kazi yangu mwenyewe! Leo umenificha mbu, kesho utanificha nini? Waambie wazee wako Jumapili wakae kwao."

Alilia kwenye basi hadi Bukoba, na kilichomkera zaidi ni kwamba bado alimpenda.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Nuriat alivaa gauni la bluu iliyokoza na ushungi mweupe, akasoma maabara, akasoma wauguzi, watu wakapiga makofi. Kisha akafunga kitabu.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, ukurasa wa kwanza una kosa. Mbu wa Ijumbi hawajapungua. Tunaomba nyumba zile zibaki kwenye orodha ya dawa."

Nyuma kabisa mtu akasimama, mabuti yake yakiwa na udongo uleule. "Mheshimiwa, aliyekosea kuhesabu ni mimi. Yeye amelirekebisha kosa langu tu."

Mgeni rasmi akaomba kalamu, akaandika kwamba Ijumbi ibaki kwenye orodha, akaongeza kuwa ni mara yake ya kwanza kusikia kosa likisomwa kwenye sherehe. Dokta Kamala akapiga makofi kwa kulazimishwa, kisha akamnong'oneza Nuriat kwamba kuanzia Jumatatu asahau kipaza sauti cha taasisi ile.

Muksini alimkuta nje, kando ya ukuta.

"Nimekuponza," alisema.

"Umeniponza sana. Kazi yenyewe sijui kama ninayo."

"Nisamehe, Nuriat."

"Nimechoka na wewe, Muksini. Unanichosha tangu siku ya kwanza." Akafuta macho kwa ncha ya ushungi. "Ukikosea tena, nani atakuwa wa kwanza kujua?"

"Wewe."

"Kabla ya mkurugenzi?"

"Kabla ya mkurugenzi."

"Kabla ya mama yako?"

Muksini akasita.

"Muksini!"

"Kabla ya mama yangu."

Nuriat aliuweka sawa ushungi wake, akiwa bado amekasirika.

"Basi walete wazee Jumapili," alisema.