X ya Bibi Naimutie

Jovin ni rafiki yangu, tumepanga nyumba moja Maisaka, lakini kwa hili simwonei huruma.

Kazi yake ni kupaka X nyekundu kwenye nyumba zinazotakiwa kupisha upanuzi wa makutano ya barabara na daraja. Nyumba ya Bibi Naimutie haikuwamo. Ila bibi alishamkatalia posa ya mjukuu wake, basi Jovin akaipaka X, na chini yake akaandika 7.

“Una siku saba za kuhama.”

“Marahaba,” bibi akajibu, ingawa hakuamkiwa.

Siku ya saba tulimzika.

Jana mchana Jovin aliingia chini ya daraja la zamani kupima nguzo. Mle ndani ni giza tupu. Nyuma yake akasikia brashi ikiburuzwa taratibu, shwaa, shwaa.

“Nani huyo?”

“Marahaba.”

Alikimbia mpaka nyumbani, akaniomba nimwangalie mgongo, unamwasha. Shati halikuwa na doa. Chini ya shati palikuwa na X nyekundu, mbichi, na 7.

Nilimsugua kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ikachubuka.

Leo asubuhi inasomeka 6.