Kifuniko cha Manowari

Jua lilikuwa linazama kijijini Kilema, fundi seremala Elinipendo aliporudi karakanani kupigilia kibao kimoja tu cha shaba. Meza ilikuwa tayari. Mwenye meza, kijana Manpreet wa hoteli ya mjini Moshi, alikuwa njiani kuifuata.

Uso wa meza ile ulikuwa kifuniko cha mbao kilichofunika tumbo la manowari ya Waingereza, ya enzi za matanga. Babu yake Manpreet alikinunua Mombasa, miaka mingi baada ya meli kuvunjwa. Manpreet alikuwa amemsimulia Elinipendo: manowari ile iliwasaka wauza watumwa. Safari moja ilipigwa na dhoruba ikiwa na watu sitini iliowakomboa, wakateremshwa tumboni wasichukuliwe na mawimbi. Kibao kilisema: WOTE WALIFIKA SALAMA.

Elinipendo akaweka msumari. Akainua nyundo.

Ngo. Ngo. Ngo.

Hakuwa amepiga.

Akachungulia chini ya meza. Sakafu tupu... Kisha harufu ikapanda. Chumvi. Jasho. Matapishi. Harufu ya bahari, huku mlimani kwenye migomba.

"Fungua," mtu akanong'ona.

Akaipindua meza, akakwangua kwa patasi lami iliyopakwa upande wa chini. Miaka thelathini ya useremala ilikuwa imemfundisha kusoma mbao. Ukingoni kote kulikuwa na matundu ya misumari, iliyopigiliwa kutoka juu. Na chini ya lami, mikwaruzo.

Ya kucha.

Hofu ikamtoka. Ikabaki hasira, kali hata machozi yakagoma.

Manpreet alipofika na shikamoo yake, Elinipendo hakuitikia. Alimmulikia tu mikwaruzo ile kwa tochi. Kijana akatazama mpaka akaelewa, akasema kwa sauti ndogo kwamba hivyo ndivyo babu alivyowasimulia, na ndivyo nahodha alivyoandika.

"Nahodha alikuwa juu," Elinipendo akasema. "Na mikwaruzo hii ya katikati, unaiona?"

"Mbona hii ni midogo sana, mama?"

"Ni ya watoto. Mtoto hafiki juu kwenye kifuniko, mwanangu. Waliinuliwa. Kuna waliowabeba mpaka mikono ikaishiwa nguvu."

Manpreet akakishika kile kibao cha shaba, akakikunja mpaka kikamkata kiganja. Akauliza wafanye nini, wachome au wazike. Elinipendo hakujua. Wakang'oa miguu ya meza, wakakisimamisha kifuniko ukutani, wakaacha mlango wazi, wakatoka nje kwenye ukungu.

Kimya.

Halafu migomba ikaanza kutikisika, mmoja baada ya mwingine, kama watu wengi wanapita. Upepo haukuwepo. Ile harufu ya chumvi ikawapita usoni, isielekee baharini. Ikapanda mlimani, ikapotea.

Manpreet akashusha pumzi.

Elinipendo akamshika mkono, akimwashiria asikilize.

Karakanani, chini kabisa ya kifuniko, pale mtoto anapofikia, bado kulikuwa na mmoja anayegonga.