Maji Ndani ya Debe la Petroli

Kila asubuhi pale Mitwero, kijiji cha karibu na Lindi, Mwanaima alifagia uwanja, akateka maji, kisha akasugua masufuria kwa majivu mpaka yakang'aa. Msichana huyu alipenda usafi kupita kiasi. Bibi yake, Biasha, mkunga aliyeitwa hata vijiji vya mbali, hakuacha kumtania. "Mke mwenzangu, ipo siku utamwosha kuku akiwa hai!"

Hizo zilikuwa siku za utawala wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita vikuu vya pili. Baba yake Mwanaima, Abilahi, alijifunza kuendesha pikipiki jeshini. Aliporudi alinunua moja kuukuu kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirejea kwao Ulaya. Pikipiki ile ilikohoa na kutoa moshi, lakini ilimfikisha alikokwenda. Baba aliipenda mno, na agizo lake lilikuwa moja: mtu asiguse vifaa vyake bila kumwuliza.

Wiki ile mama alikuwa Rutamba kumtunza Sada, dada yake Mwanaima, aliyekuwa akitarajia mtoto wa kwanza. Mwanaima akaachiwa nyumba. Siku moja akaliona debe tupu la petroli, ndani lina kutu na vumbi. Hakuvumilia. Alilisugua kwa mchanga na maji, akalisuuza, akalipindua kidogo tu, kisha akalirudisha mahali pake. Alitaka baba alikute safi, afurahi. Jioni baba alilichukua bila kulichungulia ndani, akaenda kununua petroli dukani kwa Sherali, Lindi mjini, na aliporudi akaimimina yote tangini.

Kesho yake asubuhi kijana mmoja aliingia uwanjani kwa baiskeli, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nimetoka Rutamba. Sada ana uchungu tangu jana na mtoto hatoki. Mama anasema bibi aje upesi."

Bibi Biasha alijifunga kanga, akachukua mkoba wake, akapanda nyuma ya pikipiki. Baba akaipiga teke. Injini ikaunguruma, ikakohoa, ikazimika. Akapiga tena. Kimya.

"Ni plagi hii," akasema baba. Akaifungua, akaifuta, akairudisha. Kimya. Akaifungua tena.

Mwanaima alisimama mlangoni akiwa na hofu kubwa. Alilikumbuka debe. Akisema, baba angemgombeza mbele ya mgeni. Asiposema, Sada angeendelea kuteseka huko Rutamba.

"Baba," akasema, machozi yakimlengalenga. "Mimi nililiosha debe. Kwa maji."

Baba alimkodolea macho. Kisha, badala ya kugomba, akaiweka plagi chini.

"Kwanza kazime moto jikoni, petroli haina utani. Kisha niletee beseni na gilasi."

Alifunga koki ya tangi, akafungua kabureta, akamwaga kwenye gilasi petroli iliyokuwa ndani yake. Chini kabisa yalionekana matone mazito yaliyojitenga.

"Unaona? Maji hukaa chini. Injini inaomba petroli, nasi tunainywesha maji."

Kisha akatoa kwenye kabureta kipande kidogo cha shaba chenye kitundu chembamba. "Petroli hupita hapa kwenda kwenye injini. Maji yamesomba kutu, kutu imeziba. Kukizibua usitie waya, utakipanua."

Mwanaima akachomoa uzi wa mkonge kwenye kamba ya kuanikia nguo. Vidole vya baba vilikuwa vinene kwa kazi hiyo, kwa hiyo Mwanaima akakichukua kile kipande yeye. Akaupenyeza uzi taratibu, akapuliza, akakiinua juu.

"Baba, naona jua!"

Wakatoa petroli yote ya tangini kwenye beseni, wakaiacha itulie. Halafu Mwanaima akaimimina ile ya juu tangini polepole, ikichujwa kwa kipande cha ngozi laini na kavu kilichotandikwa kwenye faneli. Maji yakabaki chini ya beseni. Baba akarudisha kabureta na plagi, akapiga teke. Pikipiki ikakohoa, ikasita, halafu ikanguruma uwanja mzima.

"Bismillahi, twende!" akasema bibi, na wakaondoka.

Siku ile ilikuwa ndefu. Mwanaima alipika wali akashindwa kuula. Jua likielekea kuzama, akasikia mngurumo anaoujua. Baba alikuwa peke yake, anatabasamu.

"Wa kike! Sada mzima. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, bibi yako akamweka sawa."

Mwanaima akaangua kilio. Baba akachutama mbele yake, akamfuta machozi.

"Nisikilize, mwanangu. Uligusa usichokijua bila kuuliza. Hilo usilirudie. Lakini ungenyamaza, mpaka sasa ningekuwa bado nahangaika na plagi, na leo tungekuwa na habari nyingine hapa. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado linatengenezeka."

Akatoa mfukoni kile kipande cha ngozi, akamwekea mkononi. "Kuanzia kesho, kuchuja petroli ni kazi yako."

Mwanaima akakishika kwa mikono miwili.

"Na bibi amekuagiza uende Rutamba," baba akaongeza akicheka. "Anasema yuko mtu mdogo huko wa kuoshwa kwa maji, na ruhusa ameshakutolea."