Chumba cha Watu Watatu

Mimi tangu nizaliwe sijawahi kusema uongo. Hata mara moja. Isipokuwa huu niliomaliza kuusema sasa hivi, na mwingine mmoja, ambao nusura utulaze nje sisi sote. Huo mwingine ndio ninaotaka kuwasimulia.

Tulikuwa watu watano katika chumba kimoja: mimi, binti yangu ambaye ni fundi cherehani, na watoto wake watatu. Mkubwa ni msichana wa miaka kumi na miwili tunayemwita Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi iliyo shavuni mwake. Wadogo ni mapacha wa miaka mitatu, wavulana, ambao hadi leo nikimwita huyu huja yule. Baba yao alifariki wakiwa bado tumboni.

Asubuhi zetu zilifanana. Kidoti alichota maji, akawaosha wadogo zake nyuso, akavaa sare na kwenda shule. Binti yangu aliketi kwenye cherehani yake karibu na mlango, panapoingia mwanga. Mimi niliketi mkekani nikifumua mishono iliyokosewa. Kwa kazi hiyo nimefuga ukucha mmoja mrefu, wa kidole gumba cha kulia, wenye ncha kali kuliko ulimi wangu. Mtaa mzima unaujua.

Jumatatu moja mwenye nyumba wetu alikuja akasema ameuza nyumba. Mnunuzi alitaka kiwanja, hakutaka kuta wala watu. Tulipewa hadi Jumamosi saa sita mchana. Jumatano mafundi walipanda juu wakaanza kung'oa mabati, na walianzia upande wetu. Kidoti alikuwa akifanya hesabu zake za shule. Aliinua kichwa akasema, "Bibi, naliona wingu."

"Lisalimie," nikamjibu. Nilicheka peke yangu.

Binti yangu alizunguka mitaa minne akitafuta chumba, akarudi na malengelenge miguuni. Kila mahali aliambiwa neno moja: nenda kwa dalali. Ndipo tukampata Funguo.

Funguo alikuwa dalali wa vyumba. Alitembea na shada la funguo kiunoni, ukimsikia kabla hujamwona, ingawa nasikia nusu ya funguo zile hazikufungua mlango wowote. Alhamisi jioni alitupeleka kuona chumba nyuma ya nyumba ya nesi mmoja mstaafu. Sakafu ilikuwa ya saruji isiyo na ufa. Dirisha lilikuwa kubwa. Binti yangu alivua utepe wake wa kupimia shingoni, akaenda kulipima. Cherehani ingekaa pale pale.

"Kodi ni ya miezi mitatu, mnalipa mbele," Funguo akasema. "Na ada yangu ni kodi ya mwezi mmoja."

"Mwezi mzima!" nikasema. "Mwanangu, umetembea hatua mia mbili tu. Hata viatu vyako havijashika vumbi."

"Bibi, silipwi kwa kutembea. Nalipwa kwa kujua."

"Kaka, tupunguzie," binti yangu akaomba kutoka dirishani. "Miezi mitatu ndiyo yote niliyoweka, na kidogo juu yake."

"Dada, kuna watu wawili wanakisubiri chumba hiki." Alifungua daftari lake. "Halafu mwenye nyumba hataki kabisa watoto wadogo. Nyinyi mko wangapi?"

Binti yangu alikuwa ametupa mgongo, utepe mdomoni, akili yake yote dirishani. Kidoti alifungua kinywa aseme kweli. Nikamfinya mkono, juu ya kiwiko, nikamnong'oneza, "Sema watatu!"

"Watatu," Kidoti akasema, machozi yakimlengalenga. "Mimi, mama na bibi."

Funguo akaandika. Nami nikajiona mjanja.

Ijumaa mchana alikuja nyumbani kuchukua ada bila kutuambia kwamba atakuja. Aliwakuta mapacha mlangoni. Mmoja alimshika suruali, wa pili akaanza kuzitafuna zile funguo.

"Hawa nao ni wageni?" akauliza, akitabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Binti yangu aliinuka kwenye cherehani akawavuta ndani.

"Huyu msichana aliniambia mko watatu. Basi sikilizeni. Ada sasa ni ya miezi miwili. Mmoja wa kazi, mmoja wa kufunga mdomo wangu. Kesho saa nne nisipoipata, namwambia Nesi kwamba mmemdanganya, na chumba nampa mwingine."

Zile funguo zilipoacha kusikika njiani, binti yangu alimgeukia Kidoti. "Nani alikutuma useme watatu?"

Kidoti alinitazama. Mimi nikatazama juu mbinguni. Haikuwa kazi ngumu, paa lenyewe lilikuwa limebaki bati moja.

"Hakuna aliyenituma, mama," akasema polepole. "Ni mimi."

Alisemwa mpaka akalia. Nami, mtu mzima na mvi zangu, nilinyamaza kimya kama kiatu.

Jioni ile binti yangu alianza kuisafisha cherehani. Aliipaka mafuta, akaifuta gurudumu, akaifunika kwa kitambaa cheupe, taratibu, kama anayemtayarisha marehemu. Nilijua maana yake. Kulikuwa na mnunuzi wa vyombo vilivyotumika sokoni, na hapakuwa na kitu kingine cha kumuuzia.

"Ukiuza hii tutakula nini?" nikamuuliza.

"Mama, tutakula nini ni swali la wiki ijayo. Kesho tutalala wapi?"

Mapacha walikuwa wamelala wamekumbatiana, na bati la mwisho juu yao lilikuwa limeshikiliwa kwa misumari miwili.

Jumamosi asubuhi mawingu yalikuwa yamejaa. Nilimkuta Kidoti amevaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Nesi. Naenda kumwambia tuko watano."

"Una wazimu? Atatufukuza kabla hatujaingia!"

"Bibi, Funguo anatutoza pesa kwa sababu ya kitu tunachokificha. Nikikisema mwenyewe, atauza nini?"

Nikajifunga mtandio nikamfuata, magoti yakinilalamikia kila hatua.

Nesi alikuwa uani akianua shuka kabla mvua haijanyesha. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kumfanya mgonjwa ameze dawa bila maji. Kidoti alimwamkia, akasema yote kwa pumzi moja: kwamba tuko watano, kwamba kuna mapacha, kwamba tulidanganya, na kwamba mama yake anakwenda kuuza cherehani ili alipe ada ya miezi miwili.

Nesi alikunja shuka moja. Akakunja ya pili. Tone la kwanza la mvua likaniangukia puani. Nikajua tumekwisha.

"Nani amesema sitaki watoto?" akauliza.

"Funguo," Kidoti akajibu.

"Nimezalisha wanawake miaka thelathini, leo niogope mapacha! Nisichokitaka ni mpangaji mwongo." Alimtazama Kidoti. "Wewe mwongo?"

"Nilikuwa, bibi. Juzi."

Nesi alijaribu kutocheka. Akamtuma Kidoti mbio akamzuie mama yake.

Alimkuta njiani kwenda sokoni, akisukuma mkokoteni, cherehani na mapacha juu yake. Walirudi na mkokoteni wao, na tulikuwa ndiyo kwanza tumekaa Funguo naye alipoingia uani, maana saa nne ilikuwa imefika. Alipotuona sote tumekaa barazani, funguo zake ziliacha kulia.

"Mbona unatoza miezi miwili?" Nesi akamuuliza. "Mimi nimeshakulipa nusu mwezi. Tulikubaliana mpangaji naye atoe nusu. Siyo?"

"Mama, unajua hali ya sasa..."

"Hali ya sasa ni kwamba nina vyumba vingine vinne, na madalali wamejaa mjini."

Binti yangu alishuka barazani. "Kaka, sikatai kukulipa. Umetuonyesha chumba, hiyo ni kazi, na kila kazi ina ujira wake. Nitakupa nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Nitakupa nikishakabidhiwa ufunguo na mkataba, na utaniandikia risiti."

"Ongeza kidogo basi, dada. Hata nauli."

"Hatua mia mbili?" nikasema.

Funguo aliandika risiti. Mvua ilipoanza kunyesha kwa nguvu, cherehani ilikuwa tayari chini ya dirisha kubwa, na mapacha walikuwa wakikimbizana kwenye sakafu isiyo na ufa.

Nesi alimkalisha Kidoti karibu naye. "Mwanangu, uongo ni kamba unayojifunga mwenyewe, kisha ncha yake akaishika mwingine akakuvuta atakako. Ukweli unaumiza mara moja, kama sindano. Na ukitaka nyumba, muulize mwenye nyumba ada ni kiasi gani, nanyi mkubaliane kabla ya kutoa hata senti. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Lakini kuna jambo silielewi. Mtoto wa kuja mwenyewe kusema kweli, ule uongo wa watu watatu aliutoa wapi?"

"Ah, dada yangu!" nikadakia haraka. "Watoto wa siku hizi! Hata mimi nilishtuka nilipousikia."

Binti yangu alikuwa akimkunjia Kidoti mikono ya gauni ili wakabebe vyombo vilivyobaki. Akasita. Juu ya kiwiko palikuwa na alama ndogo nyekundu, iliyopinda kama mwezi mchanga. Aliitazama. Akavua utepe wake shingoni, akaipima upana, taratibu, kama anavyopima kola ya bwana harusi.

Kisha akanigeukia na kunyoosha mkono.

"Mama," akasema, "hebu nipe kidole gumba."